Namba Mia Ilikuwa ya Marehemu

Jumatatu, 3 Machi

Daftari jipya. Nimelinunua makusudi, ili siku moja watu wajue nilivyoipata kalamu nyekundu. Sijaipata bado. Lakini Ijumaa si mbali.

Ijumaa Mama Jedwali anastaafu. Ndiye mkuu wa karakana yetu. Tunatengeneza akili za majokofu, yale madogo ya zahanati, ya kuhifadhia chanjo. Ndani ya kila jokofu mna prosesa, na juu ya prosesa mna mfumo wetu. Programu ikitaka kitu haijichukulii, inaomba kwa namba. Namba 3, nisomee joto. Namba 12, niwashie feni. Hayo maombi tunayaita miito, na yote yameorodheshwa kwenye jedwali kubwa ukutani, nyuma ya kiti cha Mama. Ndiyo asili ya jina lake.

Tabu ni kwamba prosesa zetu ni za aina tatu na tabia zake ni mbalimbali kabisa. Tumezipa majina. Babu, mkongwe, anachukua nusu siku kuamka. Mjomba, anayesoma kila kitu kutoka mwisho kurudi mwanzo. Na Mjukuu, mpya, mwepesi, kipenzi cha wote. Mama Jedwali husema hii ni mitaa mitatu, na anayebisha hodi nyumba namba kumi na mbili lazima afunguliwe na mtu yuleyule, awe mtaa wowote. Kwa hiyo wito mpya hupewa namba moja, ileile kwa wote watatu, siku hiyohiyo. Wito ukifa hupigwa mstari mwekundu, na namba yake hapewi mwingine milele. Namba ya marehemu hairithiwi. Na mwenye ruhusa ya kugusa jedwali ni mwenye kalamu nyekundu peke yake.

Wagombea wa kalamu ni wawili. Mimi, na shemeji Nukta. Nukta ni mdogo wake mke wangu. Jina nimempa mimi, maana hata akiandika "sawa" anaiwekea nukta. Na kazi hii nilimtafutia mimi! Kwa mdomo wangu huu! Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, wanasema. Huyu kamba yake aliiacha kwao.

Leo kila mmoja ameleta wito wake. Wake unaitwa pumua, unaipumzisha feni. Wangu unaitwa lia. Jokofu likipata joto kupita kiasi, linapiga kelele. Mtoto mdogo anaona upi una maana. Nukta kapewa 218 kwa sababu eti aliwahi. Mimi nilikuwa napiga shati pasi. Nimepewa 219.

Mia mbili kumi na tisa! Kama namba ya kitanda cha wodini.

Jumanne, 4 Machi

Nimeipata!

Nilikuwa nakunywa chai nikilitazama jedwali. Safu ya mia ina mstari mwekundu. Tupu! Namba 100, ya mviringo, safi, moja na sifuri zake mbili. Nani atamsahau mtu mwenye wito namba mia? Marehemu aliyelala pale aliitwa zima, alikuwa anazima jokofu lote kwa mkupuo mmoja. Alipigwa mstari kabla sijaajiriwa. Kwa Mjukuu hayupo. Kwa Mjomba hayupo. Kwa Babu sikuangalia. Babu amefunikwa kitambaa, na juu ya kitambaa pana sinia la vikombe. Nani bado anamtumia Babu? Hakuna.

Saa nne Mama Jedwali alikwenda stoo. Nikaingia kazini. Mjukuu, robo saa tu, akalia vizuri. Mjomba mara ya kwanza alilia jokofu likiwa baridi. Kawaida yake. Nikamgeuza, akatulia. Kisha nikabadilisha orodha kuu, ile inayopika programu za wote watatu kwa kubonyeza mara moja. Sasa lia ni mia. Jedwali la ukutani nimeliandika kwa penseli, herufi za sisimizi, maana kalamu nyekundu inalala kwenye mkoba wa Mama.

Mpango wenyewe ni huu. Ijumaa nasimama mbele ya wote na kusema lia si ahadi, lia tayari inafanya kazi zahanati. Nukta na pumua yake wataomba kiti wakae.

Zahanati yenyewe ni ya mke wangu. Yaani si yake, ni muuguzi pale, na jokofu la chanjo liko mikononi mwake. Kila siku analalamika kwamba likiugua halisemi. Jioni nimemkabidhi flashi. Nimemwambia aichomeke tu, jokofu litachagua lenyewe programu ya prosesa yake. Akauliza kama mdogo wake ameiona.

Nimeumia. Nimemwambia mume ni mimi. Akasema anajua, akaitia mkobani.

Jumatano, 5 Machi

Siku ya vichekesho. Nukta kaamua kumpima Babu. Asubuhi kaondoa sinia la vikombe, kakunja kitambaa mara nne kama anakirudisha dukani, kapuliza vumbi, kawasha, kakaa. Akasubiri. Mimi nilipita pale mara sita nikitabasamu. Babu kaamka saa saba. Saa nane ndiyo 218 ikapita kwa wote watatu. Nukta akaandika: "Babu sawa." Na nukta yake.

Siku nzima kwa ajili ya mzee ambaye hana mtu! Nimemwambia kwa upole kwamba kalamu nyekundu inataka mtu anayetazama mbele. Akanijibu ahsante, shemeji. Kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini kimya cha huyu nahisi ni kimya tu.

Baadaye Mama Jedwali akaniuliza 219 yangu imefika wapi. Nikasema iko njiani. Akauliza Babu amesemaje. Nikasema Babu hana neno. Na kweli hana neno, sijamsemesha.

Alinitazama kwa muda mrefu juu ya miwani. Nadhani ameanza kuniona.

Alhamisi, 6 Machi

Sijui nianzie wapi. Nitaandika hivyohivyo.

Joto la leo lilikuwa la kuchoma bati. Saa nne tulikuwa kwenye chai. Nukta akaomba, polepole, vile anavyoomba kila kitu, kwamba vikombe vitafutiwe mahali pengine, kwa sababu Babu hajafa. Akasema majokofu yenye Babu yamebaki mawili. Moja ni la mfano, hilihili la vikombe. La pili liko zahanati kwa dada yake.

Chai ilinipanda puani.

Nilikwenda kwenye faili la Babu kama mtu anayekwenda kutambua maiti. Safu ya mia. Zima. Mzima wa afya! Mstari mwekundu upo ukutani, lakini kwa Babu marehemu bado anapumua, Mama Jedwali alimwacha makusudi kwa ajili ya programu za zamani zinazombisha hodi. Ndiyo maana namba hapewi mtu mwingine. Ndiyo maana! Miaka tisa nimekaa kwenye karakana hii, leo ndiyo nimeelewa.

Basi hesabu ni hii. Jokofu la zahanati likipata joto, programu yangu itabisha mlango wa mia ili lilie. Mtaa wa Babu, nyumba mia, anafungua zima. Jokofu halilii. Linazimika. Siku ya joto kama tanuri! Na kesho Ijumaa ni siku ya chanjo. Watoto sitini. Dawa zao zote zimo mle, na chanjo ikishapashwa moto ni maji tu.

Nilipiga simu ya mke wangu. Imezimwa, akiwa zamu huifungia kabatini. Nikapiga tena. Nikapiga ya zahanati, inatumika. Nukta akaniuliza nakwenda wapi, nikamwambia nafuata dawa ya kichwa. Akasema sawa, shemeji, kimbia.

Nilikimbia! Mtu wa umri wangu, na viatu vya ofisini, jua la utosini. Barabara ya soko niliivuka bila kuiangalia, mwenye baiskeli akanitajia wazazi wangu wote wawili. Kwenye kona soli ya kulia ilifunguka mdomo, ikawa inapiga makofi kila hatua. Nilikuwa naomba kwa sauti. Nilisema, Mungu wangu, nipe 219. Nipe 219 na sitalalamika tena. Nipe hata 419.

Zahanati nikamkuta mpokezi. Akaniambia nichukue namba nikae. Nikasema mimi ni mume wa muuguzi. Akasema hapa kila mtu ana ndugu, akanipa kadi. Hamsini na saba. Sikuuliza kama ilikuwa ya marehemu. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alikitazama kiatu changu, kisha akanitazama mimi, akanisogezea nafasi kwenye benchi na kuniambia wagonjwa wa akili hupokewa mlango wa nyuma. Nikamshukuru. Nikapita mlango wa nyuma.

Mke wangu alikuwa chumba cha chanjo, anaandika. Jokofu nyuma yake linanguruma. Linanguruma! Kipimajoto kinasoma nyuzi nne. Nilikigonga kwa kidole, kikabaki nne. Flashi sikuiona popote. Nikamuuliza iko wapi, sauti imenitoka kama ya kifaranga. Akafungua mkoba, akaitoa. Kifuniko bado kipo juu yake. Hajaigusa.

Nikauliza kwa nini.

"Kitu chako huwa nakiweka siku tatu kwanza," akasema. "Ukija mbio kukidai, najua hakifai. Usipokuja, nakitumia. Leo ni siku ya pili."

Nilikaa sakafuni palepale, mgongo kwenye jokofu, na lile baridi lake likaniingia hadi mifupani, na nikalia. Mimi mwenyewe ndiye niliyelia, siyo mashine. Sikuona haya. Watoto sitini! Nilimwambia yote, mia, penseli, Babu, marehemu. Alinisikiliza huku anahesabu chupa za chanjo, hakupoteza hesabu hata mara moja. Ndipo akaniambia kwamba hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa pasi niliyoitengeneza, na pampu ya maji, na kengele ya mlango iliyokuwa ikilia jirani akifungua kwake. Siku tatu, tangu tuoane. Sikujua. Miaka yote nilidhani ni msahaulifu.

Akanipa maji ninywe, na plasta nibandike kiatu. Kisha akasema kesho nimwambie Mama Jedwali kabla ya chai, la sivyo atamwambia yeye.

Nimerudi nyumbani kwa miguu, taratibu. Sijawahi kuona barabara nzuri kama ile.

Ijumaa, 7 Machi

Nilifika karakana saa kumi na mbili na nusu, wa kwanza. Wa pili. Nukta alikuwa pale tayari, na Babu yu macho, hakuzimwa tangu jana. Kitambaa kimekunjwa.

Akasema penseli aliiona tangu Jumatano, alipokwenda kuitazama 218 yake ukutani. Hakutaka kusema mbele ya Mama. Ndiyo maana jana kwenye chai alitaja zahanati, maana anajua kila kitu changu kipya huanzia kwa dada yake. "Nilijua utaelewa, shemeji," akasema. "Na usingeondoka, ningekwenda mimi."

Nilitaka kukasirika. Mtu anakuokoa halafu ananyamaza, ni ujanja gani huo? Lakini hasira haikuja. Nilikuwa sina nafasi nayo, nimejaa shukrani hadi shingoni.

Tulifanya kazi bega kwa bega. Tukairudisha mia kwa marehemu wake. Tukaiweka lia kwenye 219, kwa Mjukuu, kwa Mjomba, kwa Babu, siku hiyohiyo, saa hiyohiyo. Mjukuu akalia. Mjomba akalia, kwa baridi, tukamgeuza. Babu akafikiri. Tukasubiri. Nukta akachemsha chai. Tukasubiri tena. Ghafla Babu akalia, sauti ya mbuzi mzee aliyekanyagwa mkia. Sijapata kusikia sauti tamu kama hiyo maishani mwangu. Tulipeana mikono. Kisha nikafuta penseli kwa kifutio, na kwa ulimi palipogoma.

Mama Jedwali alipoingia nikamwambia yote kwa pumzi moja. Akasema macho yake ni mabovu, lakini si kwa namba. Penseli aliiona Jumanne ileile aliporudi kutoka stoo, alikuwa ananisubiri niseme mwenyewe. Hakujua kuhusu flashi. Nilipofika hapo alivua miwani. Akauliza jokofu likoje. Nikasema nyuzi nne, flashi haikuguswa. Akapumua, akaniuliza mke wangu ana elimu gani. Nikasema ya uuguzi. Akasema inatosha.

Saa nane ikawa sherehe. Soda, biskuti, hotuba fupi. Kalamu nyekundu amepewa Nukta. Nilipiga makofi, na yalitoka moyoni, au karibu na hapo. Kisha Mama akaniita mimi. Akanikabidhi kitambaa cha Babu.

"Wote hapa wanamdharau," akasema. "Wewe umeshamwogopa. Mtunze."

Mdharau mwiba mguu huota tende, mimi nimeota mguu mzima. Nimekipokea kitambaa kwa mikono miwili.

Saa tisa mke wangu akapiga simu. Watoto sitini na wawili, wawili waliongezeka. Wote wamechanjwa, wote wamelia, jokofu halikuwa na neno. Nilikwenda uani nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikacheka peke yangu. Jioni nimempa flashi mpya, yenye 219. Akaitia mkobani.

Jumapili, 9 Machi

Chakula cha mchana kwa mama mkwe. Nukta alikaa mkabala nami na kalamu nyekundu mfukoni, imechomoza kidogo. Nilijiandaa kuaibishwa. Mama mkwe akauliza habari za kazini. Nukta akasema shemeji amekabidhiwa Babu, kazi nyeti. Basi.

Mama mkwe alinipa kipande kikubwa cha kuku. Kipande ambacho miaka yote ni cha Nukta! Nilikila chote. Nukta ni kijana mzuri, nimelisema na nimeliandika. Sijui nilikuwa namwonea nini.

Tangu Alhamisi nalala kama gogo. Mke wangu anasema hata kukoroma kumepungua.

Jumatatu, 10 Machi

Siku tatu zimepita. Sikwenda mbio kokote. Asubuhi mke wangu kaichomeka flashi, kafungua mlango wa jokofu dakika chache kujaribu, na jokofu limelia kama mbuzi hadi mpokezi kakimbia na kadi zake. Kitu changu cha kwanza kupita tangu tuoane! Nilimwomba anisimulie mara mbili. Mara tatu, kwa kweli.

Nimejifunza. Nataka iandikwe hapa kwa wino: nimejifunza. Namba ya marehemu sigusi tena maishani mwangu.

Ndiyo maana hii ya leo ni tofauti kabisa. Nina wito mpya, unaitwa imba. Jokofu likiwa na baridi ya kutosha linaimba kidogo, kumpa moyo muuguzi. Nukta kanipa 220. Kwa roho safi, sikatai, lakini 220 ni namba ya mtu aliyekuja baada ya mtu. Nikatazama jedwali. Safu zimeishia 219. Chini yake karatasi ni nyeupe hadi sakafuni! Namba 300 haina marehemu. Haijazaliwa hata! Nani atadai nimemwibia?

Nimeiweka kwa Babu peke yake, maana Babu ni wangu, Mjomba na Mjukuu watafuata wakipenda. Orodha kuu nimeirekebisha kimyakimya wakati Nukta anakunywa chai. Kuna karatasi ya zamani ndani ya kitambaa cha Babu, imeandikwa kwamba jedwali lake lina nafasi mia mbili hamsini na sita tu. Hilo ni dogo. Mia tatu si mbali na hapo, atajisogeza.

Mke wangu amefurahi sana nilipompa flashi. Kuihusu hakuuliza hata swali moja. Aliitia mkobani, akaikagua simu yangu kama ina chaji, akaniuliza kama kiatu kimeshonwa. Kisha akachukua kalamu, akaenda kwenye kalenda ya jikoni, akaizungushia duara Alhamisi.

Sijui Alhamisi kuna nini. Labda ananiandalia sherehe.